Afande na Dampa ya Pikipiki Yangu

Utamsikia kwanza, ndipo utamwona. Hivyo ndivyo watu wa Bwera walivyomwelekeza mgeni aliyeulizia gereji ya Afande. Hawakukwambia pita kanisani, kata kulia. Walikwambia shika tu barabara ya kwenda mpakani mwa Kongo, tembea mpaka usikie mtu anagombana na injini, hapo umefika. Nami nilimpata hivyo hivyo mara ya kwanza, ananguruma chini ya kibanda cha mabati, akimfokea boda boda aliyemletea pikipiki yenye tope mpaka kwenye taa.

"Hiyo unaniletea ni pikipiki ama ni shamba? Peleka mtoni! Oga wewe na yeye, halafu rudi!"

Yule mwanamume mzima, mwenye mke na watoto, aligeuza pikipiki yake akaenda mtoni. Sijui kama alioga. Ninachojua ni kwamba alirudi na pikipiki safi, na Afande akamkaribisha kama vile hawajawahi kugombana.

Tulimwita Afande kwa sababu alikuwa ametumikia jeshi, upande wa magari, na alipostaafu alibaki huku kwetu badala ya kurudi kwao. Kwao ni wapi, sikuwahi kujua. Ukimwuliza alijibu, "Kambini," akaendelea na kazi. Lafudhi yake haikuwa ya Kikonzo wala ya Kiganda, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshi, kifupi na cha kuamrisha, hata anapoomba chumvi. Mama mmoja aliyemuuzia chai ya tangawizi aliniambia kwamba kwa miaka yote hajawahi kumsikia akisema "naomba". Alisema, "Chai! Moja! Moto!" Lakini ndiye mteja pekee aliyerudisha kikombe akiwa amekiosha.

Mimi ni daktari wa mifugo. Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu kazi yangu ilikuwa kuchanja, na eneo langu lilianzia kwa mbuzi wa Karambi, juu kwenye kahawa, likaishia kwa ng'ombe wa Hamukungu, kando ya ziwa, ndani ya mbuga. Huwezi kufanya kazi hiyo kwa miguu. Mzungu mmoja aliyekuwa akitafiti popo alipomaliza kazi yake aliniuzia pikipiki yake ya safari, kubwa, ndefu, yenye tangi kama tumbo la ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Nikiisimamisha, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa ardhi. Niliipenda sana, nasema bila aibu.

Afande alipoiona mara ya kwanza aliizunguka, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride.

"Ni ya nani?"

"Yangu."

"Na bwana yako anaendesha nini?"

"Sina bwana, Afande."

"Vizuri. Angekunyang'anya."

Huo ndio ukawa urafiki wetu.

Kazi yake ilikuwa na sheria. Alitandika gunia chini, na kila boliti aliyoifungua aliilaza pale kwa mstari, kwa mpangilio ule ule iliotoka. Aliita mstari huo paredi. Boliti zikiwa kwenye paredi, hakuna kuongea habari za siasa, hakuna kuvuka gunia kwa kuruka juu yake, na kuku akikatiza hapo, mwenye kuku anatajwa kwa jina mpaka sokoni wanasikia. Wakati wa kufunga, aliziita moja moja zirudi. Mwisho wa kazi aliangalia gunia. Kama kuna nati imebaki, alisimama wima na kuuliza kwa sauti kubwa, "Nani hajarudi kambini?" Akafungua kila kitu upya, hata kama mwenye pikipiki analia kwamba abiria wake anamsubiri. Alikuwa akisema, "Chuma haina haraka. Haraka iko kwa mutu."

Na yeye mwenyewe alikuwa na haraka kuliko sisi sote. Ukichelewa kumpa spana aliyotaka, alipiga makofi: "Upesi! Upesi! Vita imekwisha bado unatafuta!" Nilimwambia mara moja kwamba hayo mawili hayapatani. Alinitazama kwa huruma. "Mimi ninaharakisha watu," akasema. "Chuma siharakishi."

Alijisifu kuliko mwanamume yeyote niliyemfahamu. Kwamba aliwahi kutengeneza lori katikati ya mto. Kwamba aliwahi kuwasha gari la jipu kwa mshipi wa suruali. Kwamba hakuna kitu anachokiogopa duniani. Basi siku moja nilikwenda kumchanja mbwa wake dhidi ya kichaa, nikatoa sindano, nikageuka kumwomba amshike mdomo. Hayupo. Nilimkuta nyuma ya kibanda, ameegemea mti, anatazama milima.

"Umemaliza?" akauliza bila kugeuka.

"Bado sijaanza."

"Basi anza. Usiniulize mimi. Mbwa ndiye mgonjwa."

Nilimcheka mwaka mzima, na alinivumilia.

Jambo moja lilimuudhi kweli, nalo lilikuwa mpira wa tyubu. Boda boda wa kwetu wana dawa yao ya usukani unaotikisika. Wanakata ukanda wa tyubu kuukuu, wanaufunga upande mmoja kwenye usukani na upande mwingine kwenye fremu, wa kushoto na wa kulia, ukivutwa huku unarudishwa kule. Kwa mwendo wa sokoni inasaidia. Mtu anaona usukani umetulia, anafurahi, anapakia mikungu ya ndizi hadi kichwani. Afande akiona mpira huo hakuuliza mwenyewe ni nani. Alitoa kisu akaukata palepale barabarani. Alitukanwa kwa lugha nne, akajibu zote kwa moja. "Umefunga mgonjwa mdomo," alisema, "halafu unasema amepona."

Sasa nieleze nilivyoanguka, maana bila hilo huwezi kuelewa deni la moyo nililo nalo kwa mtu huyu.

Ilikuwa uwandani, baada ya Kikorongo, pale barabara ya Bwera inapoachana na ile kubwa na unaona nyasi tupu pande zote. Nilikuwa na sanduku kubwa la chanjo na barafu nyuma, juu kabisa ya keria. Upepo unatoka upande wa ziwa. Lori la mizigo likanipita, na nyuma yake hewa ikanipiga kifuani. Usukani ukaanza kutikisika. Kidogo kwanza, halafu kwa nguvu, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka mikono yangu ikawa haishiki kitu bali inashikwa. Nilianguka kwenye nyasi. Nilivunjika mfupa wa bega. Chanjo ya ng'ombe wa kijiji kizima ilimwagika kwenye majani, na nyati wawili walisimama mbali wakitutazama mimi na pikipiki.

Mfupa uliunga. Kilichokataa kuunga ni moyo. Nilirudi kwenye pikipiki, lakini nikifika ule uwanda viganja vililoa jasho na mguu wenyewe ulikuwa unatafuta breki. Nilienda polepole hata wenye baiskeli za ndizi walinipita, na mmoja alinisalimia akinipita. Ng'ombe wa Hamukungu walianza kukosa siku zao, kwa kuwa barafu haisubiri daktari mwoga. Mama yangu, anayelima kahawa kule Karambi, alikuwa ameshaniambia neno lake. Alisema amezaa mtoto mmoja wa kike na hana haja ya kuzika mtoto mmoja wa kike. Uza. Na mnunuzi alikuwepo, mfanyabiashara wa Kasese, kila wiki ananipigia simu. Mimi nilijua kwamba nikiuza pikipiki ile, nitahamia kwenye meza ya ofisi na sitatoka tena. Kwa hiyo nilikwenda kwa Afande nikamwambia yote, hata habari ya jasho.

Hakunicheka. Alisema, "Stelingi inataka dampa. Kesho."

Dampa, kwa asiyeijua, ni silinda ndogo yenye mafuta ndani na fimbo inayoingia na kutoka. Mkono wake mmoja unashika fremu, mwingine unashika usukani. Ukigeuza taratibu inakuacha ugeuze, lakini usukani ukitaka kuruka ghafla, yale mafuta yanaukatalia. Magari ya jeshi yanazo, na Afande alizijua. Akatafuta moja kwenye chuma chakavu, ya jipu, nzito kama mchi, akaifunga kwenye pikipiki yangu kwa fahari kubwa, watu wamejaa kutazama. Kisha akapanda yeye mwenyewe kuijaribu.

Mpaka leo Bwera wanaisimulia safari ile. Alishuka vizuri hadi sokoni. Kwenye kona ya sokoni aligeuza usukani kushoto, na usukani ukafika nusu ukagoma, maana ile silinda ya jipu ilikuwa imefika mwisho wake kabla ya pikipiki kufika mwisho wa kona. Afande akaenda moja kwa moja, mgongo umenyooka, ndani ya kabichi za mama mmoja.

Hakuumia. Aliinuka katikati ya kabichi akatangaza, "Kabichi hizi ziko mahali mbaya!" Mwenye kabichi alimjibu mambo ambayo sitayaandika. Lakini nilichokiona baadaye ndicho kilichonifanya nimpende. Aliketi kando ya yule mama mchana wote, akamuuzia zile zilizopasuka kwa sauti yake ya gwaride. "Wewe! Simama! Leo unakula nini nyumbani? Kabichi! Chukua mbili!" Watu walichukua kwa woga na kwa kicheko. Kabla jua halijazama hapakubaki hata jani, na yule mama akamwuliza kama anaweza kuja tena siku ya soko.

Kesho yake aliing'oa ile ya jipu. Nikamwambia nimesikia kule mpakani kuna Mkongo anauza vifaa vya pikipiki za mashindano. Tulikwenda pamoja. Mkongo alifungua kitambaa, na ndani yake kulikuwa na dampa nyembamba, ya rangi ya dhahabu, iliyotumika lakini nzuri.

"Hii iko amotisere ya gidoni," alisema Mkongo, yaani dampa ya usukani kwa Kifaransa chake. "Muzungu alitumikisha mu rali. Iko muzuri, mama, haina mbaya hata kidogo."

Afande aliivuta fimbo, akaisukuma, akaivuta, masikio karibu nayo. Aliigeuza juu chini akarudia. Nilipokwisha kulipa, akaikunja kwenye kile kitambaa akaitia mfukoni kwake, si kwangu.

"Tunafunga leo?" nikauliza.

"Hatufungi."

Hapo ndipo tulipogombana kweli. Zilipita wiki, dampa iko mfukoni mwake, na yeye anafanya kila kitu isipokuwa kuifunga. Alitoa tairi la mbele akalizungusha akilitazama kwa jicho moja. Alifungua shingo ya pikipiki, akanionyesha beringi. Fundi mmoja wa Kasese alikuwa amekaza nati ya shingo kwa nyundo ili usukani usicheze, na beringi zilikuwa zimejichimbia vishimo. Afande alizishika kwenye kiganja kama mtu aliyeokota meno. "Huyu alikaza mpaka akaua," alisema. Akaweka mpya, akapaka grisi, akakaza kidogo, akalegeza kidogo, akaacha usukani uanguke kushoto kwa uzito wake, kisha kulia, mpaka ukaanguka kama alivyotaka.

Nami nilikuwa na neno langu. Nilimwambia ng'ombe akibeba mimba kubwa haendi mbio, na akienda mbio anayumba nyuma. Sanduku langu la barafu lilikaa juu na nyuma mno. Alikataa. Alisema mzigo hauna shida, yeye amebeba mizinga. Tulibishana siku mbili. Siku ya tatu nilikuta amekata keria yangu na kuichomelea upya, na mahali pa sanduku ameweka mapipa mawili madogo, moja kila upande, chini na mbele zaidi. Alidai ni wazo lake. Nilimwachia.

"Sasa dampa," nikasema.

"Sasa," akasema. "Ugonjwa kwanza, dawa nyuma. Ningefunga ile siku, ungekuwa na mpira wa tyubu wa rangi ya dhahabu."

Aliifunga asubuhi moja, kwa vibamba viwili alivyovichonga mwenyewe. Kila alipokaza kidogo alinifanya nigeuze usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, na fimbo ilibaki na nafasi pande zote mbili. Alikuwa amejifunza kwenye kabichi, ingawa hakulisema hilo. Paredi iliisha. Gunia likabaki tupu.

Mimi nikabaki nimesimama. Alijua ninaogopa nini. Alishusha sauti, jambo ambalo sikujua kwamba analiweza, akaniita kama Waganda wanavyomwita mama kwa heshima, "Nyabo. Hii iko na nguvu kuliko mikono yako. Stelingi ikitaka kuruka, yeye ataikamata. Wewe kazi yako ni kutazama mbele tu."

Nilikwenda uwandani siku hiyo hiyo. Lori likanipita, hewa ikanipiga, usukani ukatulia. Nililia ndani ya kofia ngumu, peke yangu, kwa furaha. Yule mfanyabiashara wa Kasese alipopiga simu nilimwambia atafute pikipiki kwingine. Mama alinuna miezi, kisha akaanza kuniagiza samaki wa Hamukungu, nikajua yamekwisha.

Tangu hapo nilikwenda kwa imani ya kitu kile kidogo cha dhahabu. Kila asubuhi kabla ya kupanda nilikigusa kwa kidole. Nilimwambia kila mtu kwamba dampa ndiyo inayoendesha, mimi ni abiria tu.

Miaka ikapita. Afande akafunga gereji. Magoti yalikataa kuchuchumaa, na binti yake, ambaye ni polisi, akamchukua akaishi naye Kasese. Nilimtembelea mchana mmoja nikitoka Hamukungu. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, amekonda, shati limekuwa kubwa kuliko mabega. Sauti haikuwa imekonda.

"Daktari wa ng'ombe! Kuja hapa! Hiyo pikipiki unaoshanga lini?"

Binti yake alikuwa jikoni, akanisalimia akicheka. Nilileta samaki. Lakini mzee hakuwa anatazama samaki. Aliomba mkono, nikamwinua, akaenda mpaka kwenye pikipiki. Alipiga tairi kwa ngumi, akaushika usukani, akautikisa. Kisha akainama polepole, akatazama dampa kwa muda mrefu. Alifungua boliti moja inayoishika kwa spana aliyokuwa nayo mfukoni, ndiyo, bado alitembea na spana mfukoni, akaisukuma fimbo kwa kidole kimoja. Ikaingia. Akaivuta. Ikatoka. Haikukataa hata kidogo.

"Hii imekufa," akasema.

"Imekufa lini?"

"Sili ya kuzuia oili imepasuka, yote imetoka. Angalia vumbi inashika hapa, imekuwa ngumu kama saruji. Hii si ya jana. Hii ni mwaka. Labda miaka."

Nilikuwa nimepita uwanda ule mara ngapi? Na mzigo, na upepo, na malori, na mvua. Nilikuwa nimeigusa asubuhi ile ile.

Afande alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika keria asianguke. "Miaka!" alisema. "Unabeba maiti miaka, kila siku unaisalimia!"

"Sasa nani alikuwa anashika usukani?" nikauliza, na nilikuwa nimeudhika.

"Wewe! Na beringi. Na mzigo ambaye niliweka mahali pake."

"Mzigo niliouweka mimi."

"Wewe ulisema. Mimi niliweka." Akafuta macho, akairudisha ile boliti. "Tafuta mpya, ufunge. Siku moja shimo itakuja, ama tembo. Lakini leo unaenda nayo hivi hivi mpaka nyumbani. Na sasa unajua."

Niliomba nilale Kasese, niite gari libebe pikipiki kesho. Nilisema kweli, si utani. Viganja vilikuwa vimeanza kuloa. Alinitazama kwa ule uso wa gwaride.

"Mimi nilifunga hiyo pikipiki. Iko sawa. Na wewe uko sawa. Panda. Ukifika unapiga simu, unatoa ripoti. Hiyo ni amri."

Nilipanda. Hadi Kikorongo nilisikia kila kokoto. Uwandani palikuwa na upepo wa kawaida, na lori la kawaida likanipita, nami nilikaza magoti nikatazama mbele. Usukani ulitulia. Ukaja upepo mwingine, ukatulia tena. Nilipofika Kinyamaseke nilikuwa ninawaza kuhusu ndama mmoja wa Hamukungu mwenye jicho bovu, na nimwandikie dawa gani. Mawingu yalikuwa yameshuka milimani. Nilifika Karambi mama anahangaika kuanua kahawa peke yake, nikatupa kofia, tukaianua, tukaifunika, mvua ikaja, tukala, tukasengenya majirani.

Giza lilipoingia ndipo nilipokumbuka simu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Hapakuwa na simu yoyote aliyonipigia yeye, kwa sababu Afande hapigi, Afande anapokea ripoti. Nikapiga. Haikumaliza mlio wa kwanza.

"Umefika?"

"Nimefika zamani, Afande. Nisamehe. Haikutikisika hata kidogo."

"Najua," alisema, kwa sauti ile ile ya kusikika mpaka mpakani. "Mimi ndiye nilifunga. Hakuna kitu ya kuogopa."

Na nyuma yake, kabla hajakata, nilimsikia binti yake: "Mzee, amefika? Basi sasa kuja ukule. Chakula imekuwa baridi tangu mchana."